Hewa Isiyowaka: Habari ya Shura, Baruti na Mkate

Ndugu msomaji, lau ungeliweza kuigawa hewa iliyomo chumbani mwako mafungu mia, ungelikuta kwamba mafungu 78 ni hewa ambayo haiungui wala haiunguzi, haina rangi wala harufu, na ukiivuta huingia kifuani ikatoka vile vile ilivyoingia. Hewa hiyo yaitwa naitrojeni. Mafungu 21 ni oksijeni, ambayo kwayo twaishi na kwayo moto wetu huwaka. Na hilo fungu moja lililobaki ni mchanganyiko wa hewa nyingine ndogo ndogo. Mtu wa haraka atasema: basi hiyo 78 ni ya bure. Lakini hiyo aiitayo ya bure ndiyo iliyoangusha ngome na kuchimba makaburi ya watu wasiohesabika, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika mkate ulioula leo asubuhi. Habari yake ni ndefu. Imepita katika mikono ya Wachina, Waarabu na Wazungu, na sisi watu wa pwani hatukusalimika nayo.

Tuanze na moto, kwani asiyeujua moto hataijua baruti. Kwa zamani ndefu wataalamu wa Ulaya walishikilia kwamba kila kinachoungua kina kitu ndani yake ambacho hutoka na kwenda zake wakati wa kuungua. Wakakiita flojistoni, na aliyeieneza sana kauli hii ni daktari wa Kijerumani, Georg Ernst Stahl, mwanzoni mwa karne ya 18. Ukiitazama juu juu kauli hii ina sura ya kweli: gogo kubwa likiungua hubaki majivu ya kujaa viganja, basi si ajabu mtu kusema kuna kilichotoka. Lakini wafua madini walikuwa na ushahidi wa kinyume. Risasi au bati ikichomwa muda mrefu penye hewa hugeuka unga, na unga ule ukipimwa huwa mzito kuliko madini yenyewe yalivyokuwa. Vipi kitu kitokwe na kitu, kisha kizidi uzito? Wako waliofika kusema kwamba flojistoni ina uzito wa chini ya sufuri! Mtu akishaipenda kauli yake kuliko mizani, hakosi la kusema.

Aliyeirudia mizani ni Mfaransa Antoine Lavoisier. Mwaka 1772 alichoma kiberiti, yaani kile cha unga wa manjano, na fosforasi, akaona vyote viwili vimezidi uzito baada ya kuungua. Tarehe 1 Agosti 1774 kasisi mmoja wa Kiingereza, Joseph Priestley, aliukusanya mwanga wa jua kwa kioo akauelekeza juu ya unga mwekundu wa zebaki, ukatoka humo hewa ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu za ajabu. Oktoba mwaka huo huo Priestley alikuwa Paris, akakaribishwa chakula kwa Lavoisier, naye akaisimulia habari hiyo mezani bila ya kuificha. (Mswidi Carl Wilhelm Scheele alikuwa ameipata hewa hiyo kabla yake, lakini kitabu chake kilichelewa kuchapishwa.) Lavoisier akatia zebaki katika chombo pamoja na hewa iliyopimwa, akaipasha moto siku 12, mchana na usiku. Juu yake pakafanyika utando mwekundu, na hewa ikapungua. Ile iliyobaki ikawa huzima mshumaa na kuua panya. Kisha akauchukua ule unga mwekundu peke yake akauchoma kwa moto mkali zaidi, nao ukarudisha takriban kiasi kile kile cha hewa kilichokuwa kimepungua. Kwa maandishi ya wanakemia wa leo ni hivi:

2Hg + O₂ → 2HgO
2HgO → 2Hg + O₂

Usiogope herufi hizi. Hg ni zebaki, O ni oksijeni, na kile kijitarakimu cha chini chaonyesha chembe ngapi zimeshikana pamoja. Sisi tuliosoma faraidhi twaweza kuzifahamu upesi kuliko wengine. Mali ya marehemu ikigawanywa, ukijumlisha mafungu ya warathi wote hupati pungufu ya kilichoachwa wala zaidi yake; hata penye aul, mafungu hupunguzwa mpaka yaenee. Mali haikupotea wala haikuzaliwa, imehama mikono tu. Na mlinganyo wa kikemia ndivyo ulivyo: kushoto ni waliokuja, kulia ni walivyotoka, na idadi ya kila jamaa lazima iwe sawa pande zote mbili. Mwenye kuandika mlinganyo usioenea ni kama kadhi aliyegawa nyumba moja kwa nyumba moja na robo.

Basi tazama makaa ya jikoni kwako. Makaa takriban yote ni kaboni, nayo huandikwa C. Yakiwaka penye hewa ya kutosha:

C + O₂ → CO₂

Kwa uzito, ratili 12 za kaboni huchukua ratili 32 za oksijeni, zikatoka ratili 44 za hewa ya kaboni. Makaa hayakwenda bure. Yamepanda angani yakiwa mazito kuliko yalivyokuwa katika gunia, ila tu hatuyaoni. Lakini hewa ikiwa haba, kama pale seredani iwekwapo katika chumba kilichofungwa madirisha, mgao huwa mwingine:

2C + O₂ → 2CO

Hapa kila chembe ya kaboni imepata oksijeni moja badala ya mbili, na kilichozaliwa ni sumu. Haina harufu, haina moshi, haiwashi macho. Huingia katika damu ikakaa mahali pa oksijeni na kushikamana hapo kwa nguvu zaidi kuliko oksijeni yenyewe, na mtu aliyelala hulala moja kwa moja. Nawaambia hasa mama zetu wenye desturi ya kumtilia mzazi seredani chumbani, au kuacha makaa ya kufukizia udi usiku kucha mlango umefungwa: makaa yaliyokwisha moshi na kuwa mekundu si makaa yaliyokwisha hatari. Fungueni dirisha, au yatoeni nje kabla ya kulala.

Lavoisier ndiye aliyeieneza fahamu hii ya kuungua, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1789 kikaizika flojistoni. Ile hewa iliyozima mshumaa na kuua panya, ambayo Mskoti Daniel Rutherford alikuwa ameibainisha mwaka 1772, yeye na wenzake waliiita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya «isiyo na uhai». Mwenyewe alikuwa tajiri, na mmoja wa wale waliokodishiwa kazi ya kumkusanyia mfalme ushuru. Wakati wa mapinduzi akashikwa pamoja na wenzake, na tarehe 8 Mei 1794 akakatwa kichwa. Hewa ile ilipewa pia jina jingine, naitrojeni, maana yake «izaayo shura». Jina hili la pili ni la kweli zaidi kuliko la kwanza, na kwa jina hili ndipo twaingia katika kiini cha habari.

Shura ni ile chumvi nyeupe ichanuayo kama unga juu ya kuta zenye unyevu, katika mazizi na kando ya vyoo vya zamani. (Usiichanganye na shura ya kushauriana, hilo ni neno la Kiarabu, na hili asili yake ni Kiajemi.) Vijidudu vya udongoni hula mkojo na samadi, vikaitoa naitrojeni iliyomo kwa sura hiyo ya chumvi. Huandikwa KNO₃: potasi moja, naitrojeni moja, na oksijeni tatu. Hizo tatu zishike vyema, kwani fitina yote imo humo. Katika Ufaransa ya wafalme wachimba shura walikuwa na haki ya kuingia majumbani mwa watu na kufukua sakafu za mazizi, na Lavoisier huyo huyo tangu mwaka 1775 alikuwa mmoja wa wasimamizi wa baruti ya serikali.

Wa kwanza kuijua baruti ni Wachina. Mchanganyiko wake umeandikwa katika kitabu chao cha mambo ya vita cha mwaka 1044, na kabla ya hapo wataalamu wao waliokuwa wakitafuta dawa ya kurefusha umri walikwisha kuungua ndevu kwa kuchanganya wasivyovijua. Kutoka huko maarifa ya shura yakafika katika miji ya Waislamu. Ibn al-Baytar, bingwa wa dawa na mimea aliyezaliwa Malaga ya Andalusia na kufariki Dameski mwaka 1248, ametaja kwamba watu wa Misri waliiita «theluji ya China», na watu wa Maghribi waliiita «barud». Neno hilo mwanzo lilikuwa jina la shura peke yake, kisha likawa jina la mchanganyiko wote, na ndilo tulilolirithi sisi tukasema baruti.

Katika karne hiyo hiyo ya 13 alikuwako Sham mtu aitwaye Najm al-Din Hasan al-Rammah, aliyefariki yapata mwaka 1295. Yeye aliandika juu ya farasi na zana za vita, na katika kitabu chake ameeleza jinsi ya kuisafisha shura: huyeyushwa katika maji, hutiwa majivu ya kuni, huchemshwa na kuchujwa, mpaka zile chumvi za uchafu zitengane nayo. Mtu aweza kudhani hili ni jambo dogo la jikoni. Bali bila ya hilo hapana mzinga, kwani shura chafu hunyonya unyevu na baruti yake haifyatuki. Majivu ya kuni yana potasi, nayo huing'oa chokaa iliyojificha katika shura. Mtu yule hakuwa na herufi za K wala N, lakini mkono wake uliijua kazi ambayo wanakemia waliieleza baada ya miaka mia tano.

Baruti hufanywa kwa shura mafungu kama 75, makaa 15 na kiberiti 10. Ikiwashwa, kwa ufupi huwa hivi:

2KNO₃ + S + 3C → K₂S + N₂ + 3CO₂

Nimesema kwa ufupi, kwa kuwa moshi wa kweli una vitu vingi zaidi. Lakini tazama ile oksijeni. Jiko la makaa huvuta hewa kwa mlango wake, ukiuziba moto hufa. Baruti haingoji mlango, imekuja na oksijeni yake ndani ya shura, imekaa bega kwa bega na makaa. Ndiyo maana huwaka ndani ya mtutu uliozibwa, na ule ungaunga wa kujaa kiganja hugeuka hewa ya moto kwa mara moja, nayo hewa ikitaka nafasi haiombi ruhusa. Watu wa pwani tuliisikia sauti yake mwaka 1505, pale Francisco de Almeida alipoingia Kilwa na merikebu za Wareno, kisha Mombasa, akaipora miji miwili na kuitia moto Mombasa ndani ya majuma machache. Haikuwa ushujaa tu. Ilikuwa pia hesabu ya mlinganyo huu.

Sasa itazame ile N₂ iliyotoka upande wa kulia. Chembe mbili za naitrojeni zikikutana hufungana kwa mafundo matatu, na mafungamano hayo ni magumu mno kuvunjika. Kwa ajili hiyo hewa haituunguzi. Na kwa ajili hiyo pia kila kitu ambacho ndani yake naitrojeni imetenganishwa na mwenzake na kushikizwa penginepo huwa na hamu ya kuvunjika, naitrojeni irudi kwa mwenzake. Na irudipo hutoa nguvu kubwa. Karibu vilipukaji vyote vya vita na vya migodini, kuanzia baruti mpaka baruti kali za kisasa, vyategemea marejeo hayo.

Lakini mti wa mhindi nao wataka naitrojeni, na nyama ya mwili wako pia imeumbwa kwayo. Mhindi umesimama katika bahari ya naitrojeni nao hauwezi kuitumia, mfano wa baharia afaye kwa kiu katikati ya maji ya chumvi. Mwenyezi Mungu ameweka milango miwili ya kuyafungua mafundo yale. Mmoja ni radi: joto lake hushurutisha N₂ + O₂ → 2NO, kisha mvua huishusha ardhini ikiwa mbolea. Wa pili ni vijidudu vinavyokaa katika vinundu vya mizizi ya kunde, choroko, mbaazi na njugu. Wazee wetu walipanda kunde katikati ya mahindi na kujua kwamba shamba hupumzika; sababu yake ilibainishwa na Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, baina ya 1886 na 1888.

Miji ya Ulaya ilipojaa watu, milango hiyo haikutosha. Wakaenda kuchota shura ya jangwani pwani ya Amerika ya Kusini. Ikawa mali kubwa, na mali kubwa haikosi vita: kuanzia 1879 Chile ilipigana na Peru na Bolivia, ikashinda, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote hata leo haina bahari. Sehemu ya shehena ile ilikuwa ya mashamba, sehemu ya mizinga, hakuna aliyeuliza sana. Mwaka 1898 mwanasayansi wa Kiingereza William Crookes alisimama Bristol mbele ya wenzake akawaonya kwamba shura ya Chile itakwisha, na walaji wa ngano watapungukiwa na mkate, ila wanakemia wapate njia ya kuitoa naitrojeni hewani.

Aliyeipata njia ni Fritz Haber, mwalimu wa chuo cha Karlsruhe katika Ujerumani. Alitaka kuiunganisha naitrojeni na haidrojeni ipatikane amonia, ile yenye harufu kali kama ya mkojo uliolala. (Amonia kwa sura ya chumvi haikuwa ngeni kwa wanavyuoni wa kale: al-Razi aliihesabu nushadir miongoni mwa «roho», kwa kuwa ikichomwa hupaa kisha huganda tena juu ya chombo.) Mlinganyo ni mfupi:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Ufupi wake wadanganya. Ukitia joto haba, mafundo matatu hayafunguki. Ukitia joto jingi, amonia huvunjika pale pale izaliwapo. Haber akatumia hila mbili: aliisonga hewa kwa mgandamizo wa karibu mara mia mbili ya huu tulio nao, na akaipitisha juu ya madini ya kuchochea, ambayo huwakutanisha waliokuwa hawataki kukutana na yenyewe yasiliwe. Mwezi wa Julai 1909, akisaidiwa na Robert Le Rossignol, aliwaonyesha wajumbe wa kampuni ya BASF amonia ikidondoka tone baada ya tone. Mmoja wa wajumbe hao, Alwin Mittasch, alifanya maelfu ya majaribio kutafuta kichocheo cha rahisi mpaka akafika kwenye chuma kilichotiwa chumvi chache. Mwengine, Carl Bosch, alipata taabu ya namna nyingine: mitungi ya chuma cha pua ilikuwa ikipasuka baada ya siku chache, na mwisho akagundua kwamba haidrojeni huingia ndani ya chuma ikala kaboni iliyomo, na chuma kikawa kama biskuti. Akaivika mitungi bitana ya chuma laini ndani, na gamba la nje akalitoboa vitundu vidogo ili haidrojeni ipenyayo iende zake. Naona vitundu vile vilikuwa na akili nyingi kuliko mlinganyo wenyewe. Septemba 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi.

Mwaka uliofuata vita vikaanza, na Waingereza wakaifunga bahari. Ujerumani haikuweza tena kupata shura ya Chile, na kwa hesabu ya wengi ingaliishiwa na baruti upesi. Lakini amonia nayo huungua, ikipitishwa na hewa juu ya madini ya platini:

4NH₃ + 5O₂ → 4NO + 6H₂O

NO hiyo ikipata hewa zaidi na maji huwa tindikali ya shura, na tindikali hiyo ndiyo mama wa vilipukaji. Mwaka 1915 Oppau ilikuwa ikiitoa kwa wingi. Kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya mkate kikawa chalisha mizinga, na vita vikaendelea mpaka Novemba 1918.

Huenda ukasema: hayo ni ya Wajerumani na Wafaransa, yatuhusu nini? Basi nenda Dar es Salaam ukaulize jina la Kariakoo lilitoka wapi. Ni jina la kambi ya wapagazi wa vita vile. Kila mwezi uliozidishwa Ulaya ulizidishwa huku pia. Jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki halikuweka silaha chini ila tarehe 25 Novemba 1918, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi, wana wa bara na wa pwani, walikufa njiani kwa maradhi, njaa na mizigo. Hawakujua kwamba siku zao zilikuwa zikipikwa katika mtungi wa chuma kando ya mto Rhine.

Haber hakuishia hapo. Tarehe 22 Aprili 1915 karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, alisimamia kufunguliwa kwa maelfu ya mitungi ya klorini upepo uende kwa adui. Miongoni mwa waliokuwa mbele ya wingu lile walikuwamo askari wa Kiislamu kutoka Algeria, waliochukuliwa kupigania nchi iliyowatawala. Tarehe 2 Mei mkewe, Clara Immerwahr, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa kemia, alijipiga risasi kwa bastola ya mumewe. Wako wasemao ni kwa uchungu wa gesi ile, na wako wasemao ndoa yao ilikuwa imekwisha kuoza. Lililo wazi ni kwamba siku ya pili mume alikwenda zake vitani. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918 alipewa yeye, kwa ajili ya amonia. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ikaanza kuwafukuza watu wenye asili ya Kiyahudi kama yeye, akaacha kazi na kuhama, na tarehe 29 Januari 1934 akafa Basel.

Wengi huuliza kama mtu huyu alaaniwe au ashukuriwe. Mimi naona swali hilo latutoa sisi katika hesabu. Wenye kukadiria mambo haya wasema karibu nusu ya watu walio duniani leo hula chakula ambacho naitrojeni yake imepita katika mlinganyo wa Haber. Mwanao ni mmoja wao, na hata Tanga kiliwahi kujengwa kiwanda cha mbolea katika miaka ya 1970. Haber alikwisha kwenda na hesabu yake. Mbolea imebaki mikononi mwetu.

Na mbolea yenyewe ina nyuso mbili. Amonia ikikutana na tindikali ya shura hufanya NH₄NO₃, chumvi nyeupe yenye naitrojeni nyingi ipendwayo na wakulima na wachimba migodi. Kwa kawaida ni tulivu. Lakini ikipata moto mkali au mshituko:

2NH₄NO₃ → 2N₂ + O₂ + 4H₂O

Upande wa kulia vyote ni hewa na mvuke. Pale Oppau, tarehe 21 Septemba 1921, rundo la mbolea lilikuwa limeshikana kama jiwe, na wafanyakazi walikuwa na desturi ya kulilegeza kwa fataki za migodini. Walikwisha kufanya hivyo mara nyingi sana, pasitokee kitu. Siku ile ghala lilikwenda na zaidi ya watu 500. Na katika bandari ya Texas City, Marekani, tarehe 16 Aprili 1947, moto ulizuka katika tumbo la meli Grandcamp iliyopakia mbolea hii. Nahodha alichelea maji yasiiharibu shehena, akaamuru milango ifungwe na mvuke upulizwe ndani ili moto ukose hewa. Ungalikuwa moto wa pamba ungalikufa. Lakini chumvi hii, kama shura, huja na oksijeni yake. Kuufungia mlango ni kuuzidishia joto. Walikufa watu karibu 600.

Msomaji mwenye gunia moja au mawili nyumbani asitishike. Mbolea nyingi za madukani ni urea, ambayo hailipuki namna hii, au CAN, ambayo imechanganywa na chokaa kwa makusudi ili itulie. Hata hivyo usiiweke pamoja na dizeli, makaa au majani makavu, wala usipike karibu nayo.

Mwezi wa Septemba 1913 ndipo Oppau ilipoanza. Septemba 2013, miaka mia kamili, meli kuukuu iitwayo Rhosus iliondoka Batumi, katika Georgia, na tani 2,750 za NH₄NO₃. Ilikuwa yaja huku kwetu katika bahari ya Hindi, bandari ya Beira, Msumbiji, kwa kazi ya vilipukaji. Ikapitia Beirut, ikazuiliwa huko kwa ubovu na madeni, na mwaka 2014 shehena ikateremshwa katika ghala namba 12. Ikakaa humo karibu miaka sita. Watu wa forodha waliandika barua kadhaa mahakamani wakiomba iondolewe. Barua zilipokewa. Meli yenyewe ilizama hapo hapo bandarini mwaka 2018 na chumvi ingalipo ghalani. Jioni ya tarehe 4 Agosti 2020 moto ulizuka katika ghala, watu wakatoka kwenye roshani zao kutazama moshi, na zimamoto wakaitwa wasiambiwe ndani kuna nini. Wingu lililopanda lilikuwa la rangi ya kutu, ndiyo rangi ya NO₂. Walikufa watu zaidi ya 200, wakajeruhiwa maelfu, na wapatao 300,000 wakakosa pa kulala.

Hatua chache kutoka ghala lile yalisimama maghala ya nafaka ya Lebanon, minara ya saruji ya kuweka tani 120,000. Minara ile iliupokea mshindo kifuani, na mitaa iliyokuwa nyuma yake upande wa magharibi ikaumia kidogo kuliko mingine. Ngano iliyomwagika ikabaki humo haifikiki, ikaloa, ikachacha, ikapata joto lake yenyewe, na mwezi wa Julai 2022 ikashika moto. Ikawaka kwa majuma, na tarehe 31 Julai sehemu ya minara ya upande wa kaskazini ikaanguka. Nyingine ikaanguka tarehe 4 Agosti, watu wakiwa wamekusanyika kuwakumbuka wafu wao.